Wazee walihesabu 9-6, vijana 25-21: kisa cha fainali ya mpira wa wavu pale mwaloni

Mpira wa mwisho wa seti ya kwanza ulianguka nyuma ya wazee, karibu kabisa na kamba ya laini, refa akapuliza, vijana wakaruka wakakimbilia ziwani kujimwagia maji kama vile wameshabeba kombe, na mimi kwenye daftari nikaandika 25-21 nikapiga mstari. Nikainua kichwa. Wazee sita bado wamesimama uwanjani, kila mtu kwenye nafasi yake, watatu mbele watatu nyuma, mikono kwenye magoti, wanasubiri sevu, ule mpira wa kuanzisha.

Mwalimu, nahodha wao, akaniuliza kwa upole tu, "Kijana wangu, mbona hao wanaoga na seti bado?"

Nikamwambia Mwalimu, seti imeisha, 25 kwa 21. Akamgeukia mzee mwenzake aliyekuwa kakaa kwenye ndoo pembeni ya uwanja na vizibo vya soda kavipanga chini mbele yake, akamuuliza ngapi ngapi. Yule mzee hata hakufikiria. "Tisa, sita. Wao tisa, sisi sita."

Nimeamua kukiandika kisa hiki chote maana zimepita wiki kadhaa na watu bado wanabishana vijiweni, huku wanasema wazee walitaka kuiba seti, kule wanasema vijana walibebwa na refa, na mimi niliyeshika daftari najua hakuna aliyeiba wala aliyebebwa. Vizibo vya yule mzee vilikuwa sahihi. Daftari langu pia lilikuwa sahihi. Timu zote mbili zilicheza mpira wa wavu halali kabisa, ila kila moja ilikuwa inacheza wa mwaka wake.

Kwanza mazingira. Mwalo wenyewe, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, uko Ziwa Victoria, Mwanza, upande wa Ilemela, huko kati ya Igombe na Kayenze, jina naliacha. Wanaovua dagaa wanajua, mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, ziwa zima lina mwanga dagaa hawana sababu ya kufuata taa yako, kwa hiyo mitumbwi inavutwa juu, watu wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalipa usingizi wa kipindi chote cha giza, na jioni wanacheza. Bonanza letu hupangwa siku hizo hizo. Zawadi ilikuwa beberu mmoja na kreti mbili za soda.

Wavu tunaotumia ni kipande cha nyavu ya sangara, macho makubwa, juu tumeushonea utepe wa turubai jeupe ili mtu auone vizuri hata jua likimpiga usoni. Tulishawahi kujaribu nyavu ya dagaa, ikatushinda, macho yake madogo mno, upepo wa alasiri ukitoka ziwani inajaa kama tanga, nguzo zinalala. Kimo tunapima kwa mwanzi wenye alama mbili za kisu, mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, na tunapima katikati pale unapolegea, maana pembeni kwenye nguzo siku zote unakuwa juu kidogo. Uwanja ni mita 18 kwa 9, laini ni kamba za manila zilizokazwa kwa vigingi. Upande mmoja kuna mwembe mkubwa, tawi lake linaingia juu ya uwanja, nitalirudia hilo tawi mwishoni.

Wazee ni watu wanaojua mpira, asikudanganye mtu. Mwalimu mstaafu, askari mstaafu, fundi seremala, wengine walisoma na huyo mwalimu. Mwalimu aliujifunza chuoni miaka ya 1980, akaufundisha shuleni miaka na miaka, mikono yake ukiiona inavyopokea sevu utadhani mpira umetua kwenye mto. Vijana ni wa hapo hapo mwaloni, wabeba magunia ya dagaa, mafundi wa injini za boti, na wawili watatu waliocheza mashindano ya shule juzi juzi tu. Hawa wameujua kupitia shule za siku hizi na simu, wanaangalia mechi za nje hadi usiku.

Kabla ya mechi refa akarusha sarafu, akauliza upande gani, akasema seti tatu, mshindi wa mbili ndo bingwa. Basi. Hakuna aliyeuliza tunahesabuje. Na mimi sikuuliza, nikafungua daftari nikaanza kuandika kama ninavyoandika kila siku, kila mpira unaokufa ni pointi ya mtu. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, na sehemu yangu naibeba, mwenye daftari ndiye anayetakiwa kuuliza.

Sasa tuingie kwenye 9-6. Kwa hesabu aliyojifunza Mwalimu, pointi anapata anayesevu peke yake. Ukisevu ukashinda mpira, pointi. Ukisevu ukapoteza, mwenzako hapati pointi, anapata sevu tu. Seti inakwenda 15. Kwa hesabu ya siku hizi kila mpira una pointi, haijalishi nani kasevu, seti inakwenda 25, na lazima uzidi kwa mbili.

Yule mzee wa vizibo alikuwa anasogeza kizibo pale tu anayesevu anaposhinda. Usiku ule sikulala, nikapitia daftari langu mstari kwa mstari maana huwa naandika na nani kasevu. Mipira 46 ilichezwa. Vijana walishinda 25, na kati ya hiyo 9 walikuwa wanasevu wao, 16 walikuwa wanapokea. Wazee walishinda 21, yaani 6 kwa sevu yao na 15 kwa kupokea. Tisa, sita. Mzee hakukosea hata kizibo kimoja.

Halafu nikaona kitu kilichonishangaza sana. Ukitoa 21 kwenye 25 unapata 4. Ukitoa 6 kwenye 9 unapata 3. Karibu sawa. Nikadhani imetokea tu, nikachukua seti nyingine za zamani kwenye daftari hilo hilo, zote hivyo hivyo, tofauti ya hesabu mpya na ya zamani haizidi moja. Nikakaa nikafikiri, nikaelewa kwa nini. Sevu ni kama kasia moja kwenye mtumbwi wa watu wawili, siwezi kukunyang'anya mara mbili mfululizo, lazima katikati uninyang'anye kwanza. Kwa hiyo zile mara za kurudisha sevu zinakwenda kwa zamu, wewe, mimi, wewe, mimi, ukizijumlisha mwisho aidha tuko sawa au mmoja kamzidi mwenzake kwa moja. Wao 16, wazee 15. Ndo maana hesabu mpya haikumpa mtu ushindi wa bure, aliye mbele kwa nafasi ya kutosha anabaki mbele kwa hesabu zote mbili. Kinachobadilika ni lini seti inaisha.

Na hapo ndo wazee walikuwa na hoja nzito, tena sana. 9-6 kwenye seti ya 15 ni nusu ya safari. Anayeongoza 9-6 hajashinda chochote, nimeshaona kwenye simu mechi za zamani timu iko nyuma 14-8 inarudi inachukua seti, maana kwa hesabu ile ukiwa unasevu kosa lako haliwezi kumaliza seti, mwenzako hawezi kufunga seti bila kushika sevu.

Lakini kuna jambo lingine zito kuliko hilo, nalo nililiona kwenye daftari baadaye. Kati ya ile mipira 16 ambayo vijana walishinda wakiwa wanapokea, 7 ilikuwa sevu za wazee zilizotoka auti au zilizogota wavuni. Saba! Nikakumbuka wazee walivyokuwa wanasevu, hasa askari mstaafu, anarudi nyuma hatua nne, anaupiga kwa nguvu zote, ukiingia umeingia, usipoingia anacheka anarudi nafasini. Kwa hesabu yake alikuwa sahihi kabisa kucheza vile, sevu ikipotea unapoteza zamu tu, pointi hapana, kwa hiyo ni akili kuihatarisha. Kwa hesabu yangu kila alipocheka alikuwa anawapa vijana pointi na hajui. Ndo maana nasema ubishi haukuwa wa kuhesabu tu. Bei ya kosa ilikuwa tofauti, na mtu ambaye hajaambiwa bei hawezi kulaumiwa kwa alivyonunua.

Sasa 15 ilitoka wapi na 25 ilitoka wapi? Hapa turudi nyuma kidogo, maana bila historia huwezi kuamua kisa hiki.

Mwaka 1895 William G. Morgan alikuwa mwalimu wa mazoezi pale YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) ya Holyoke, jimbo la Massachusetts, Marekani, na baadhi ya wanafunzi wake walikuwa watu wazima, wafanyabiashara wanaotoka kazini jioni miili imechoka. Basketi ilikuwepo tayari, James Naismith aliibuni 1891 pale Springfield, jirani tu, kama kilomita 16, ila kwa watu wa Morgan ilikuwa na vurugu nyingi, kugongana na kukimbizana. Morgan akachukua wazo la wavu wa tenisi akaupandisha mpaka futi 6 na inchi 6, karibu mita 1.98, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Mpira wa basketi ukawa mzito, bladda yake, ule mfuko wa hewa wa ndani, peke yake ikawa nyepesi mno na polepole, akaomba kampuni ya Spalding wamtengenezee mpira wake. Mchezo akauita Mintonette. Mwaka uliofuata akaupeleka Springfield ukaonyeshwa mbele ya watu, timu mbili za watu watano watano, nahodha wa timu moja alikuwa meya wa Holyoke na wa nyingine mkuu wa zimamoto, na bwana mmoja pale, Alfred Halstead, alipoona mpira unapigwa huku na huku bila kugusa chini akapendekeza jina la volley ball. Sisi kwa Kiswahili tukauita kwa kile kinachoonekana, mpira wa wavu, na kwa mtu wa ziwani jina hilo lina uzito wake maana wavu ndo chakula.

Mwalimu nilipomsimulia hii habari ya Morgan baadaye alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ulitengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi." Ndiyo Mwalimu. Mchezo huu vijana waliurithi, wenyewe wa kwanza walikuwa watu wazima wenye vitambi na ndevu.

Na Morgan hakuhesabu 15 wala 25. Mchezo wake ulikuwa na vipindi tisa vya zamu za kusevu, idadi ya wachezaji yoyote mnayoipata, na sevu ikikosewa unapewa ya pili kama tenisi. Baadaye ikawa 21, mwaka 1917 ikashushwa 15, wachezaji sita sita wakawekwa 1918, na ile sheria ya kugusa mara tatu tu ikaja 1920. Kule Ufilipino nako ndo kulikozaliwa mtindo wa mchezaji mmoja kuupaisha mpira na mwenzake kuukandamiza, ile spaiki tunayoipenda, wao waliiita bomba. Shirikisho la dunia, FIVB, likaundwa Paris mwaka 1947, Olimpiki wakaingia Tokyo mwaka 1964. Muda wote huo hesabu ya 15 kwa mwenye sevu ndo iliyotawala. Kwa hiyo Mwalimu alipofundishwa chuoni alifundishwa sheria ya dunia nzima, sheria iliyokaa miaka zaidi ya 80, wala hakuna mtu aliyejitungia huko.

Shida ya hesabu ile ni muda. Angalia seti yetu, mipira 46 na pointi 15 tu, theluthi mbili ya jasho haikuzaa pointi. Timu mbili zinazopokea vizuri zinaweza kunyang'anyana sevu dakika kumi ubao haujasogea, na mechi ya seti tano ikala masaa. Televisheni haiwezi kupanga ratiba na mchezo wa namna hiyo. Mwaka 1988 FIVB wakaanza kwa seti ya tano peke yake, kila mpira pointi mpaka 15, na mwishoni mwa mwaka 1998 wakaamua seti zote ziwe hivyo, nne za kwanza 25, ya tano 15. Olimpiki ya kwanza kuchezwa kwa hesabu hiyo ni ya Sydney mwaka 2000, na humo humo ndo Malkia Strikers, timu ya wanawake ya Kenya, walicheza Olimpiki yao ya kwanza, watu wa jirani zetu kabisa hapa ziwani, na nakumbuka mtaani kwetu waliokuwa na redio walikuwa wanafuatilia kama vile ni Tanzania.

Kwa upande wetu televisheni ni jua. Bonanza lilianza saa tisa, hadi seti ya kwanza inaisha ilishafika saa kumi na nusu, jua huku linazama saa moja kasoro. Kama tungeendelea mpaka 15 ya vizibo, seti tatu zisingeisha tukaona mpira. Hoja hiyo ndiyo refa aliyoitumia. Ni kijana, mwalimu wa michezo, akawaita manahodha wote chini ya wavu akasema sheria inayotumika duniani leo ni 25, seti ya kwanza imeisha, na mbili zilizobaki tunahesabu hivyo hivyo, ya tatu itakwenda 15. Kulikuwa na bodaboda mmoja anapiga kelele kwamba kwa kuwa ni mchangani basi ni bichi, seti ni 21, watu wakamzomea, lakini hakuwa mjinga, bichi kweli ni 21, ila ni watu wawili wawili na uwanja wao ni mdogo, 16 kwa 8. Sisi tulikuwa sita sita.

Mwalimu akakubali. Sio kwa kunung'unika, alikubali kabisa, akasema kama ndo sheria ya sasa basi tucheze ya sasa, akawaita wenzake akawaambia maneno machache kwa Kisukuma, nikaona askari mstaafu anatikisa kichwa kuelewa.

Seti ya pili ilikuwa nzuri mpaka leo naiota. Askari akaacha kupiga mabomu, anasevu taratibu, mkono umekaza, mpira hauzunguki, na kwa kuwa sasa walikuwa wanasevu kuelekea ziwani upepo unaukuta usoni, unayumba kama dagaa anayekwepa, vijana wanapishana nao. Sevu walizopoteza seti nzima zilikuwa mbili tu, nimehesabu. Kutoka saba hadi mbili, baada ya kuambiwa bei. Halafu kwenye 20-20 spaiki ya kijana mmoja ikaja chini pembeni kabisa, Mwalimu akajirusha, akaugusa kwa mkono mmoja, akabingirika bega hadi mgongo akasimama kwa mguu akiwa tayari kwa mpira unaofuata. Mtu mwenye miaka zaidi ya 60! Mwalo mzima ulilipuka. Ule mbinuko una historia yake pia, ni wa wale akina dada wa Japani waliofundishwa na Hirobumi Daimatsu, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, waliokuwa wanafanya mazoezi hadi usiku wa manane, wakajifunza kuanguka na kubingirika na kuinuka kwa mwendo mmoja, na wakawafunga Wasovieti 3-0 wakachukua dhahabu ya Tokyo 1964. Kutoka kule mbinuko ukazunguka dunia ukafika kwenye chuo cha ualimu Tanzania ukamkuta kijana wa Kisukuma, na sasa umetua kwenye mchanga wa Ilemela. Wazee wakachukua seti 25-23.

Tukaja ya tatu. Humo kulikuwa na mivutano midogo, naipita haraka. Kijana aliuokoa mpira kwa mguu, wazee wakadai faulo, refa akasema siku hizi mwili wote ruksa, na ni kweli, mguu umeruhusiwa tangu miaka ya 1990. Vijana nao walikuwa na mmoja wao kavaa jezi ya rangi tofauti anaingia na kutoka bila kuomba, wazee wakauliza huyu mtu wa saba ni nani, wakaambiwa ni libero, nafasi iliyoletwa 1998, mtaalamu wa kupokea asiyeruhusiwa kushambulia juu ya wavu. Wakakubali hilo nalo, ila unaona, kila dakika chache wazee wanajifunza sheria mpya katikati ya fainali.

14-13, vijana wanaongoza, dogo mmoja fundi injini anasevu. Akaupiga juu, mpira ukagonga utepe wa turubai, wavu wote ukatikisika hadi nguzo ya upande wa mwembe ikalia, mpira ukapanda kidogo kama unafikiri, ukadondoka upande wa wazee kama hatua moja kutoka kwenye wavu. Mzee wa mbele alikuwa pale pale. Angenyoosha mkono tu angeuchukua. Hakunyoosha. Alisimama akaugeukia upande wa dogo akamtupia mkono wa "pole", maana kwa sheria aliyokulia sevu ikigusa wavu imekufa, na kwa kuwa imekufa sevu ni yetu. Mpira ukagusa mchanga. Refa akapuliza, akaonyesha vijana. 15-13. Mechi imeisha.

Kelele iliyofuata siielezi. Mtu alisukuma ndoo ya vizibo ikamwagika. Yule mzee wa vizibo akaanza kuokota kimoja kimoja, na mimi nikaenda kumsaidia maana sikujua pa kuangalia.

Sheria inasemaje? Tangu mwaka 2000 sevu inayogusa wavu ikavuka ni hai. Refa hakukosea hata kidogo. Na mpira unaendelea mpaka filimbi ilie, hilo ni la tangu na tangu, mchezaji hajipigii filimbi mwenyewe. Kwa sheria ilivyoandikwa pointi ni ya vijana na hakuna rufaa.

Ila mimi nasema hivi, na nimelifikiria sana. Makubaliano ya chini ya wavu baada ya seti ya kwanza yalihusu hesabu tu. Refa alisema "sheria ya leo" lakini alichoeleza ni 25 na 15, hakusema kuhusu sevu inayogusa wavu, na hakuna aliyemuuliza. Katika seti mbili zote haikutokea sevu ya namna hiyo hata moja, ningeiandika. Kwa hiyo wazee walikutana na sheria hiyo kwa mara ya kwanza kwenye mpira wa mwisho wa fainali. Ningekuwa mimi ndo refa ningeutoa kama pointi, kwa sababu refa hana sheria ya kumhurumia mtu, lakini ningekuwa nahodha wa vijana ningeomba urudiwe. Na hicho ndicho kilichokaribia kutokea, nahodha wa vijana alimfuata refa akamwambia tuurudie, refa akakataa, akasema akirudia huo, kesho kila mtu atataka warudie wake. Nimemwelewa. Nilimkasirikia jioni ile lakini nimemwelewa.

Mwalimu ndiye aliyemaliza. Akavuka chini ya wavu akaenda kwa yule dogo, dogo akainamisha kichwa, "Shikamoo Mwalimu," akaitikia marahaba, akamuuliza, "Imeandikwa mwaka gani hiyo?" Dogo hakujua. Mimi nikajibu, 2000. Mwalimu akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Mwaka huo nilishaacha kufundisha mpira, nilikuwa mwalimu mkuu." Akampa mkono. Beberu akachukuliwa na vijana, wakamchinja jioni hiyo hiyo, na wazee wakapelekewa mguu wa nyuma mzima nyumbani kwa Mwalimu, wakaupokea, wabeja sana, yaani asante sana kwa Kisukuma.

Mbalamwezi iliyofuata tulicheza tena, kirafiki, bila zawadi. Safari hii kabla ya sarafu manahodha na refa walikaa kwenye mtumbwi uliogeuzwa, mimi nikiwa na daftari, nikauliza kimoja baada ya kingine na kuandika ukurasa wa kwanza. Pointi kila mpira, 25. Sevu ikigusa wavu ikavuka, hai. Mguu ruksa. Libero hakuna, jezi za rangi nyingine hazitoshi. Mwalimu alisoma ukurasa wote akatia sahihi, nahodha wa vijana naye, ikachukua kama dakika kumi.

Lililobaki ni lile tawi la mwembe. Vijana walidai mpira ukigusa tawi ukarudi uchezwe, Mwalimu akasema ukigusa kitu chochote nje ya mchezo ni auti, na safari hii sheria ya zamani na mpya zinasema kitu kimoja. Tumeandika auti. Mwenye mwembe amekubali tawi lenyewe likatwe, ila ameomba tusubiri maembe yaliyopo yaive kwanza.